Mama Tevin Aenda Kuitetea Wodi

Kazi yangu ni kuendesha gari, na dereva hata asipotaka kusikia husikia. Alfajiri natoka Small Heath, hapa Birmingham, na gari la abiria kumi na sita, napitia Winson Green, nawachukua wauguzi na wahudumu, wengi wao Wakenya, nawapeleka hospitali moja ndogo ya shamba karibu na mpaka wa Wales. Jina la hospitali nalihifadhi. Kijiji chenyewe kina kondoo wengi kuliko watu. Vijana wa pale wamekimbilia mjini, na wauguzi wa mjini hawataki kuhamia kwenye kondoo, basi hospitali ikaona heri ilipe gari, watu walale Birmingham na kazi wakaifanyie mashambani, kama wachuma karafuu wa kwetu Unguja.

Ndani ya gari hilo ndimo nilimojifunza sheria za hospitali, mimi niliyeishia darasa la saba. Wodi ya wagonjwa wa akili ilikuwa moja tu, ya vitanda kumi na viwili. Wengi wa waliolazwa humo hawakuja kwa hiari yao, walikuwa wanazuiliwa kwa sheria mpaka daktari aridhike. Kwa wodi kumzuilia mtu namna hiyo yataka kibali cha serikali, na kibali kina masharti. Sharti kubwa la pale lilikuwa hili: saa zote, usiku na mchana, awemo ndani ya wodi muuguzi mmoja aliyesajiliwa kwa magonjwa ya akili. Si nje kwenye ukumbi wala jikoni. Wahudumu wangekuwapo hata ishirini, yeye asipokuwamo, wodi ni kama haina mtu.

Audrey ndiye aliyenieleza hayo. Audrey ni muuguzi wa akili, mtu wa Kisii, hukaa kiti cha mbele kwa sababu nyuma hutapika. Wenziwe wa aina yake walikuwa wachache, na Jumamosi mara nyingi alikuwa yeye peke yake. Hata chooni, alisema akicheka, huenda mbio. Mimi niliyachukua kama maneno ya safarini.

Sasa nimseme Mama Tevin, maana habari hii ni yake. Jina lake ni Peninah, wa Nyamira, amekaa Birmingham zaidi ya miaka ishirini. Nyumba yake iko Winson Green, kwenye zile nyumba zilizoshikana, na dirisha la juu linatazama ukuta wa jela. Mumewe alirudi Kenya kwa mwezi mmoja kumzika baba yake, na mwezi huo haujaisha mpaka leo, ameoa huko na ana watoto. Peninah hakumfuata wala hakumlaani mbele za watu. Hupanda treni mpaka Sutton Coldfield, humwogesha na kumlisha ajuza mmoja wa Kizungu ambaye watoto wake wanamjia Krismasi, na jioni hurudi. Ana moyo wa kutoa mpaka unakera. Ukimpa lifti leo, kesho utapata chapati, na kesho kutwa kanisa zima litakuwa limeshasikia kwamba Vuai wa Zanzibar ni mtu wa Mungu. Mimi ni Mwislamu, naye ananiita Brother Vuai. Nimechoka kumkosoa.

Tevin ni mwanawe wa pekee. Kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia lakini akisemeshwa hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote. Alikuwa chuo akisomea mambo ya umeme. Kisha akaanza kuchomoa nyaya zote nyumbani, akaziba matundu ya ukutani kwa gundi ya karatasi, akasema kuna watu ng'ambo ya ukuta wa jela wanaoyasoma mawazo yake na kuyatangaza. Mama yake akaanzia kwenye maombi. Msimcheke, nani kati yetu angeanzia kwingine? Akafunga, akakonda, kijana naye akazidi. Mwishowe polisi wakamkuta kituo cha basi hana shati, mwezi wa kwanza, theluji inaanguka, akiwaomba abiria radhi kwa mambo aliyoyafikiria juu yao.

Birmingham yote hii, mji usiokwisha, haikuwa na kitanda kwa ajili yake. Alilala kitini hospitalini siku kadhaa, akapelekwa mji huu, akahamishiwa ule, na kila pahala dawa mpya na daktari mpya anayeuliza yale yale. Peninah akawa anamfuata kwa treni na chakula mkononi. Nikimwona kituoni asubuhi moyo ulikuwa unaniuma. Nilimjua alivyokuwa mnene, mcheshi, na sasa koti lilikuwa linamvaa yeye.

Ndipo kitanda kikapatikana kule shambani kwa kondoo.

Sijui pale palikuwa na nini. Madaktari walikuwa wale wale na dawa zile zile. Pengine ni kimya. Nyuma ya wodi palikuwa na kiunga wagonjwa walichokuwa wanalima viazi, na Tevin, ambaye hajawahi kushika jembe, akalishika. Pengine ni Audrey, aliyekuwa akimsemesha Kiswahili kwa ukaidi, hataki kusikia Kiingereza. Siku moja kijana akamjibu. Peninah alipokwenda kumwona, Tevin akamwambia kwa Kiswahili chake kibovu, "Mum, hawa watu wa kichwa yangu hawajui Kiswahili. Nikiongea hivi, wananyamaza."

Peninah aliniambia hayo garini akilia kwa furaha, maana siku za mapumziko yake nilikuwa nampakia bure pamoja na wafanyakazi. Niliwahi kumwona mtu akilia hivyo, lakini kwa msiba. Tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja tu duniani: Tevin asitolewe pale mpaka apone. Daktari mwenyewe alisema akikaa hivyo mpaka kiangazi kipite, wataanza kuzungumza habari ya kurudi nyumbani.

Wasabato, watu wa kanisa la Peninah, wana ada yao nzuri. Jumamosi, ibada ikisha na chakula cha pamoja kikisha liwa, hawarudi nyumbani kulala. Huenda kuwaona wagonjwa. Kina mama wa Dorkasi, ndilo jina la kundi lao, wakaamua Sabato moja ya masika wakamwone Tevin. Peninah hakulala kwa kupika. Nami nikakodiwa.

Walijaa gari zima. Sufuria za pilau, na ile pilau ya Wakenya mimi huiita wali wa kahawia, lakini nililamba vidole. Kuku, chapati, mboga za managu, na chai ya maziwa kwenye chupa kubwa. Wakaimba kutoka Winson Green mpaka tukaingia kwenye zile njia nyembamba za mashamba. Mkono mtupu haulambwi, na mgonjwa kwetu haendewi na mtu mmoja. Mzungu humwona mgonjwa wake wawili wawili, kwa sauti ya chini, kama amekwenda kuiba. Sisi huenda ukoo mzima, ili mgonjwa ajue kwamba bado ni mtu wa watu.

Mlangoni wakaambiwa wodini hawaingii wote. Audrey, aliyekuwa zamu, akawaombea ukumbi wa kulia chakula, ulio nje ya wodi, ng'ambo ya mlango wa kufuli. Akamleta Tevin pale, kwa kuwa aliruhusiwa kutoka na mtu, kisha akataka kurudi ndani.

"Mimi nawaacha, mama zangu," alisema. "Niko peke yangu leo."

"Unatuacha na nani?" Peninah akamwuliza. "Tule peke yetu kama watu wa barabarani? Audrey, si wewe ndiye umemwamsha huyu mtoto? Keti."

"Mama Tevin, siwezi."

"Dakika kidogo tu, my dear. Hawa wamama wametoka mbali kukuona wewe pia."

Wakampigia makofi. Wakaanza kumwimbia. Mtu aliyelelewa Kisii, mbele ya wanawake wa rika la mama yake, chakula kimekwisha pakuliwa, atatokaje? Angetoka, wangesema Uingereza imempotosha. Akakaa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, lakini alikaa. Baadaye mhudumu mmoja akachungulia akasema kuna mgonjwa anamlilia. Audrey akainuka, Peninah akamshika mkono, "Maliza kwanza hicho chakula," naye Audrey akamwambia mhudumu ampe muda. Yakafuata maombi, na maombi ya kina mama wale si ya kuangalia saa. Tevin alikuwa katikati yao amefumba macho, mikono ya wanawake kichwani pake, uso umetulia kama wa mtoto aliyekogeshwa. Nasema wazi: ilikuwa siku nzuri. Hakuna lililoharibika wodini. Yule aliyekuwa analia alinyamaza mwenyewe.

Miezi haikupita mingi, mgonjwa mmoja, mzee, alitoka usiku kwenye zamu ya watu wengine. Asubuhi akaonekana mtaroni, yu hai, nyonga imevunjika. Wakaguzi wa serikali wakaja. Wakapekua, wakahoji, wakahesabu watu wa zamu. Garini hapakuwa na nyimbo tena. Audrey alinieleza hali ilivyo: kufuli mbovu itatengenezwa, hilo dogo. Kubwa ni lile sharti la kibali. Hospitali ilikuwa inaapa kwamba halijavunjwa hata siku moja, na wakaguzi walikuwa karibu kuridhika. Likionekana limevunjwa, kibali cha kuwazuilia wagonjwa kinaondolewa, na wagonjwa wote wanahamishwa.

Wakaguzi wakatangaza kwamba jamaa za wagonjwa nao wanakaribishwa kusema. Wengi hawakujali. Mama Tevin alichukua likizo kazini, akavaa gauni lake la kanisani, akapanda gari langu na wafanyakazi.

"Ingia na mimi, Brother Vuai," akaniambia tulipofika. "Nikiwa peke yangu nitalia, na leo sitaki kulia. Leo naenda kutetea hii wodi."

Nikaingia. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, amepatwa na mafua. Alimkaribisha vizuri, akamsogezea maji. Akamwuliza anaionaje huduma ya mwanawe. Peninah, kwa Kiingereza chake kisafi cha kazini, akaeleza habari ya viazi, akaeleza habari ya Kiswahili na watu wa kichwani. Mkaguzi akaacha kuandika akamsikiliza, na nikaona macho yake yanalainika. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, amefanya vyema, sasa anyamaze twende zetu.

"Na Audrey," Peninah akasema. "Nataka muandike jina lake. Yule si muuguzi tu, yule ni ndugu. Kuna Sabato moja tulikuja kina mama wengi, na hakutuacha peke yetu. Alikaa na sisi ukumbini, akala na sisi, akaomba na sisi."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Alikuja mtu kumwita, kwamba mgonjwa anamlilia. Hata hapo hakutukimbia. Aliona wageni wake ni muhimu."

Nikamkanyaga tena, kwa nguvu.

"Brother Vuai, unanikanyaga," akasema, akasogeza mguu.

Mkaguzi akapenga kamasi. Akauliza taratibu kama ukumbi huo uko ndani ya wodi.

"Hapana, uko huku mwanzo, unapita mlango wa kufuli."

"Na siku hiyo alikuwapo muuguzi mwingine ndani?"

"Hakuna!" Peninah akasema, uso unang'aa. "Ndiyo maana nakuambia. Alikuwa mmoja tu, Jumamosi, kazi yote yake, na bado akatupa zaidi ya saa nzima. Ni nani mwingine angefanya hivyo?"

Yule mama hakuandika mara moja. Alimtazama Peninah, akanitazama mimi, na nafikiri alitamani asingeuliza. Kisha akaandika. Aliandika muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama kikombe cha maji mbele ya Peninah, na mkono wangu ulitaka kukipindua juu ya meza yote, lakini maji ya kikombe kimoja yangefuta nini? Mambo yalikwisha semwa.

Njiani kurudi alikuwa mchangamfu kama zamani. "Nimeongea vizuri, ama?"

"Umeongea, Mama Tevin," nikamjibu.

Kibali kiliondolewa. Wagonjwa wote wanaozuiliwa wahamishwe, na wodi ifungwe. Audrey alisimamishwa kazi, na usajili wake wa uuguzi unachunguzwa. Nilipandwa na hasira nikawatukana wakaguzi na mama zao wote. Audrey mwenyewe ndiye aliyeninyamazisha. Nilikwenda kumwona kwake, akanifungulia mlango na kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Usiwatukane, Mzee Vuai. Mahali pengine nurse alitoka kidogo tu, kuchukua chai. Aliporudi msichana amejinyonga. Hiyo rule iliandikwa kwa sababu ya watu kama huyo. Mimi naijua. Niliijua nikikaa kwa ile meza."

Hili ndilo linaloniua. Lau sheria ingekuwa ya kipumbavu, ningekuwa na pa kutemea mate. Lakini sheria ilikuwa na haki, na Audrey alikaa kwa heshima, na Peninah alisema kweli kwa mapenzi, na pamoja na hayo yote kijana ameangamia. Nimemtafuta wa kumlaumu sijampata, na hasira isiyo na mwenyewe humrudia aliyeibeba.

"Mama Tevin anajua?" nilimwuliza Audrey.

"Hajui, na hatajua. Ukimwambia, utamuua. Huyo mtoto ndiye kila kitu yake. Niapie."

Nikamwapia. Wahudumu garini wanajua, kina mama wa Dorkasi nao wamekwisha pata habari, maana siri ya watu kumi na watano si siri. Hakuna aliyemwambia. Wakimwona wanamkumbatia kwa nguvu kupita kiasi, naye anashukuru. Kila wiki humpelekea Audrey chakula, humwachia mlangoni kwa kuwa Audrey hawezi kumtazama usoni. "Wamemwonea sana huyu msichana," huniambia. "Na vile nilimtetea!"

Tevin alichukuliwa asubuhi, na gari lenye walinzi wawili. Nilikuwapo, ndiyo kwanza nashusha wafanyakazi. Viazi vilikuwa havijachimbwa. Alinitazama akaniuliza kwa Kiswahili, "Mzee, wananipeleka wapi? Mum anajua?" Nikamwambia anajua. Ilikuwa kweli, lakini mama yake hakupata ruhusa siku ile. Ajuza wa Sutton Coldfield hakuwa na mtu mwingine wa kumwogesha.

Sasa yuko hospitali kubwa kaskazini, pwani ya mbali huko, na treni za kufika huko ni saa tano kwenda na saa tano kurudi. Dawa wamemzidishia. Amenenepa vibaya, ulimi mzito, mate yanamtoka. Hakuna wa kumsemesha. Mama yake humpigia simu amsemeshe Kiswahili, naye zamani alikuwa akijibu. Wiki iliyopita alimwambia kwamba wale wa kichwani wamekwisha kujifunza, sasa wanamtukana kwa Kiswahili, na akakata simu. Siku zilizofuata hakutaka kuitwa kwenye simu.

Hospitali ya shamba imekata rufaa. Inataka kurudishiwa kibali, na wanaohusika wamesema jamaa za wagonjwa wanaweza kuja kusema tena mbele ya jopo. Wanasheria wa hospitali hawana matumaini, nimeyasikia garini. Wahudumu wenyewe wamekwisha anza kutafuta kazi kwingine, na gari langu siku hizi huenda nusu tupu.

Juzi Mama Tevin alinisubiri pale Winson Green, ingawa si siku yake ya kusafiri. Alikuwa amesimama mvuani bila mwavuli, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Akaingia, akakaa kiti cha mbele alichokuwa akikaa Audrey.

"Wametuita tena, Brother Vuai. Utanipeleka?"

Nikamwambia safari hiyo ni ndefu, na yeye amechoka, na pengine maneno aliyoyasema mara ya kwanza yanatosha.

"Hayakutosha," akasema. "Yangetosha, mtoto wangu angekuwa bado pale. Nimekaa nikafikiria usiku na mchana ni nini nilikosea, na nimeona." Akanishika mkono uliokuwa kwenye usukani. "Nilikuwa na woga, nikafupisha. Sikumsifu Audrey vya kutosha."